Sayansi ya Kufunika: Mhadhara kwa Wakutubi wa Kisumu

Wakutubi wapendwa, wageni waalikwa, na wewe kijana uliyeingia kuchaji simu: mbele yenu yupo mtaalamu wa malalamiko ya umma. Cheti changu kilichapishwa sokoni Kibuye na kimepigwa lamineti pande zote mbili. Atakayeuliza ni cha chuo gani nitamhesabu kuwa mlalamishi.

Wanafizikia wana tufaha la Newton. Sisi tuna sanamu ya Masingasinga. Mwaka 2015 jumuiya yao ilisimamisha sanamu mjini humu kuadhimisha karne moja ya kuwapo kwao. Waandamanaji wakasema ni ibada ya shetani, na sanamu ikaondolewa. Safi kabisa! Mjuaji mmoja atauliza: je, reli iliyofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, haikujengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, Masingasinga wakiwemo? Swali zuri, ila ni la msomaji, na msomaji ndiye adui mkubwa wa malalamiko.

Wengine hudai shetani achunguzwe kwanza. Alishachunguzwa! Mwaka 1994 Rais Moi alimpa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima tume nzima ya kumtafuta, na wananchi wakaisubiri ripoti hadi 1999. Miaka mitano, kwa shetani mmoja. Sanamu yetu haikusubiri ripoti ya mtu.

Sasa tuingie maktabani. Niliwahi kushauri maktaba moja, jina nalihifadhi, iliyopanga meza ya hadithi za Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Katikati waliweka picha ya Nyamgondho, mvuvi wa hadithi za Wajaluo, akimvua mwanamke ziwani. Kufikia saa nne asubuhi mama mmoja alikuwa amesimama pale, mkoba kwapani.

"Mwanangu, mmeleta jini humu ndani."

Hapo mkutubi akaniaibisha. Akamwambia, "Pole mama, karibu uketi," akampa fomu: taja kitabu, taja ukurasa, eleza kinachokukera, kamati itakisoma chote na kukujibu kwa maandishi. Eti ndivyo wafanyavyo wakutubi wa Marekani, na eti hata ibara ya 47 ya Katiba yetu inazungumzia sababu za maandishi. Mambo ya vitabuni hayo! Tena fomu ile ilikuwa na swali moja la kikatili: *Je, umekisoma kitabu chote?*

Mama alikaza macho kwenye swali hilo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hebu nikione kwanza." Akakisoma, wenzangu! Akafika pale Nyamgondho, akiwa amelewa utajiri na pombe, anapomtukana mkewe kwa kumkumbusha alikomtoa. Mke akaondoka zake kurudi ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kuku wakamfuata msururu, kule Gwassi, Nyamgondho akabaki akishangaa. Mama akacheka peke yake. Akauliza kama kinaazimwa, kwa kuwa yuko mtu nyumbani anayepaswa kusomewa ukurasa ule kwa sauti.

Lalamiko likafia mikononi mwangu, likiwa bado changa.

Tangu siku hiyo natumia kitambaa cheusi. Lalamiko likibisha hodi, funika meza. Usisome wala usiulize, na fomu ichane. Nakiri mbinu hii ina kasoro ndogo. Tulipoifunika meza ile baadaye, wanafunzi wa shule ya jirani, ambao muhula mzima hawakuwa wameitazama, walipanga foleni hadi mlangoni, kila mmoja akiinua pembe ya kitambaa. Vitabu vyote tisa viliazimwa kabla ya chakula cha mchana. Nimependekeza kitambaa kizito zaidi.

Ada ya mhadhara ni shilingi mia tano, M-Pesa inapokelewa. Mwenye malalamiko kuhusu mhadhara huu anione mlangoni, aseme kwa mdomo. Fomu hatutoi.