Geti la Mtoto na Wanaoliacha Wazi

Mtoto huanza kutambaa akiwa na miezi 7 hadi 10 hivi, na kuanzia siku hiyo kila kilichowekwa chini kwa muda tu huwa mali yake. Wengine hawatambai kamwe; husota kwa makalio, tena kwa kasi ya kuwaaibisha wanaotambaa kwa magoti. Huo ndio wakati geti la usalama hutafutwa, ingawa lilipaswa kuwepo wiki kadhaa nyuma, mtoto alipokuwa akijiviringisha mkekani na wenye nyumba wakiamini kwamba atatulia papo hapo.

Kwenye nyanda za chai za Kericho na Bomet nchini Kenya, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mtoto hushinda ndani kuliko mwenzake kwenye joto la Kisumu. Mvua hunyesha alasiri nyingi, na mara kwa mara huja ya mawe, ile inayochanachana majani ya chai mashambani na kupiga mabati hadi mazungumzo ya sebuleni yakatike. Baridi ikizidi, jiko la makaa huingizwa ndani. Hapo mtoto, moto na mlango uliofungwa hukutana katika chumba kimoja. Geti huweza kumtenga mtoto na jiko, lakini haliwezi kumtenga na hewa ya sumu ya makaa: hiyo dawa yake ni dirisha lililo wazi, na jiko kutolewa nje kabla watu hawajalala.

Maelekezo mengi ya mageti haya huanza na ngazi. Ni sawa kwa ghorofa za mjini Kericho, lakini nyumba nyingi za vijijini hazina ngazi yoyote isipokuwa vidato viwili vya veranda. Mahali pa geti huku ni mlango wa jikoni. Ndani yake mna mafiga, karai la maji, na mara nyingi mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, ambao kimo chake kinalingana kabisa na pua ya mtoto anayejifunza kusimama.

Hatari ya pili haina mlango wa kuzibwa, nayo ni chai yenyewe. Mgeni haondoki bila kikombe. Chupa ya chai husimama juu ya meza fupi, meza imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ncha za kitambaa zinaning'inia. Mtoto anayetaka kusimama hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni ncha hiyo. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na chai iliyotoka kuchemka huiunguza kwa sekunde chache. Njia ya uhakika ni kukiondoa kitambaa. Katika nyumba ambamo kilifumwa na kogo, yaani nyanya wa mtoto, ni rahisi zaidi kubadilisha paa.

Mageti ya dukani ni ya aina mbili. La kwanza husimama kwa kubana: vibano vyake husukuma kuta mbili bila kutoboa chochote, jambo linalompendeza mpangaji anayeiwazia dipoziti yake. La pili hufungwa kwa skurubu. Juu ya ngazi hutumika hili la pili tu, kwa sababu la kubana likisukumwa vya kutosha hung'oka na kushuka pamoja na mtoto. Tena mengi ya kubana yana ufito wa chini unaomkwaza mtu mzima aliyebeba beseni. Kwenye nyumba ya udongo la kubana halifai hata kidogo. Kila likikazwa lipu humwagika, likikazwa tena humwagika zaidi, na mwisho mlango umepanuka kuliko geti.

Kipimo cha Ulaya, EN 1930, kinataka kimo kisichopungua sentimita 65. Nyumbani, nafasi kati ya fito hupimwa kwa kopo la soda: kopo likipenya, nafasi ni kubwa mno. Fito ziwe za wima, maana za mlalo ni ngazi aliyotengenezewa mtoto kwa gharama ya wazazi. Yale mageti ya zamani ya kukunjakunja, yenye matundu makubwa ya umbo la V, yalikoma kutengenezwa Marekani mwaka 1985 baada ya kunasa vichwa na shingo za watoto. Yakionekana kwenye mitumba yaachwe huko huko.

Wengi hawanunui. Humwita fundi na kumwagiza nusu mlango, kifaa ambacho kwa miaka mingi kimeruhusu moshi wa jikoni kutoka juu na kumzuia kuku asiingie chini. Mbao huwa za saipras, au mabaki ya mkaratusi, mti unaolimwa kwa wingi ili kuni zake zikaushe chai viwandani. Randa ipite vizuri, misumari isitokeze, komeo liwe juu na upande asiofikia mtoto. Zaidi ya yote mbao ziwe zimekauka. Geti la mbao mbichi hupinda na kugoma kufunguka, na kwa wiki kadhaa watu wazima huonekana wakiliruka geti na sufuria ya ugali mkononi. Januari jua likija, mbao husinyaa na komeo halifikii tena tundu lake.

Wasiomwita fundi huziba mlango kwa kochi lililolazwa, kreti, au gunia la mahindi la kilo 90. Gunia halisukumiki, ila hupandwa. Wengine humtia mtoto kwenye kigari cha kujifunzia kutembea, kifaa kinachomwongezea kasi yule yule aliyetakiwa kupunguziwa. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004.

Hata hivyo, geti zuri kwa kawaida halishindwi na mtoto. Hushindwa na mjomba anayepita na gumbuti akiahidi kurudi sasa hivi, na kaka wa miaka mitano anayemwonyesha mdogo wake jinsi komeo linavyoinuliwa. Kipande cha tyubu ya baiskeli kikipigiliwa kati ya geti na mwimo hulivuta lijifunge lenyewe, na bei yake ni ndogo kuliko ugomvi wa jioni moja.

Geti huondolewa mtoto anapoanza kulipanda, au kimo chake kinapolizidi hadi likawa chini ya robo tatu ya urefu wake, kwa kawaida akikaribia miaka 2. Nusu mlango wa fundi hautupwi. Huhamishiwa zizini kwa ndama, na huko komeo hufungwa kila jioni bila mtu kukumbushwa, kwa kuwa ndama akitoka usiku akanyonya, asubuhi hakuna maziwa ya chai.