Kukokotoa Sifuri

(Ndani ya kontena, kwenye yadi moja karibu na Kilindini, Mombasa. Mtambo mpya wa kusaga mahindi. Panya, mkazi wa masijala ya mahakama, ameingilia tundu la kutu. Kufuli yuko mlangoni, zamu haiishi.)

MTAMBO: Shikamoo, mzee Panya. Mbona hadi leo sijakadiriwa ushuru?

PANYA: Marahaba, mwanangu. Mitambo mingi ya viwandani huingia Afrika Mashariki kwa asilimia 0. Sifuri haikokotolewi kwa pupa.

KUFULI: Faili liko mezani.

MTAMBO: Meza ya nani?

KUFULI: Anayefuata.

PANYA: Afisa mmoja anashuku wewe ni blenda. Vyombo vya jikoni vina ushuru wake.

MTAMBO: Blenda! Mimi niliyepakiwa kwa kreni?

PANYA: Huku mwenye yadi anahesabu ada ya stoo na mwenye meli anahesabu ada ya kontena lake. Hao hawana mrundiko wa kazi.

MTAMBO: Tajiri wangu alalamike, basi.

PANYA: Anaweza. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, kifungu 229. Hicho nimekila mwenyewe. Aliyeguswa na uamuzi, au na kutotenda, ana siku 30 za kumwomba Kamishna wa Forodha apitie jambo lake. Sasa niambie: kutotenda kulianza tarehe ngapi?

KUFULI: Hakujaanza. Tunashughulikia.

PANYA: Umesikia?

MTAMBO: Twende Mahakama Kuu!

PANYA: Kifungu 47 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuhudumiwa upesi, na sheria ya 2015 ikakiongezea meno. Ila jaji atauliza kwanza kama mlimaliza njia za ndani, yaani mlango uleule mliousubiri. Akiona mambo yenu si ya kawaida, anaweza kuwasamehe hilo.

MTAMBO: Halafu aniachilie?

PANYA: Pole pole. Atatoa amri ya mandamus: kadirieni. Mwaka 1997, katika kesi ya Baraza la Mitihani, Mahakama ya Rufaa ilieleza mpaka wake. Amri hiyo humlazimisha mtu kutimiza wajibu. Penye hiari yake, haimwambii aamue nini. Wakiandika "blenda", wametii korti.

MTAMBO: Tumeshinda kesi, nimekuwa blenda!

PANYA: Lakini blenda yenye tarehe! Siku 30 za kuomba mapitio zina pa kuanzia. Na Kamishna akipokea ombi, akakaa siku 30 bila kujibu, sheria inamhesabu amelikubali.

MTAMBO: Akinyamaza nashinda?

PANYA: Unashinda.

MTAMBO: Ee Mola, wanyamaze kama walivyonyamaza siku zote!

PANYA: Hapo ndipo watapata sauti. Kamishna ana ruhusa ya kudai maelezo zaidi, na siku zake huhesabiwa tangu ayapate.

MTAMBO: Maelezo gani yamebaki?

KUFULI: Picha yako ukiwa jikoni, kwa mfano. Nakala tatu.