Laki Nne za Upepo

Zipo bidhaa ambazo bei yake haitajwi mbele ya mke mpaka watoto walale. Kipozaji cha prosesa kiitwacho Noctua NH-D15 G2 ni mojawapo. Kampuni ya Austria ilikiingiza sokoni mwaka 2024 kwa dola 149 na senti 90, na kwa hela zetu hiyo ni karibu laki nne, hapo hujalipa usafiri wala hujakutana na watu wa forodha. Ukishazitoa unapewa mapezi ya alumini, mirija minane ya shaba na feni mbili. Hakina kioo, hakina rimoti, hakishiki redio. Kinapuliza, basi.

Nilikuwa nakitazama kwenye simu, mke wangu akapita nyuma yangu. Feni za Noctua ni za kahawia: fremu ya kahawia iliyopauka, mapanga ya kahawia iliyokolea.

“Baba Salma, hicho cha mtumba?”

“Kipya.”

“Sasa mbona kimepigwa jua?”

Nikamweleza kuwa ndiyo rangi yao, na kwamba kuna watu Ulaya wanaipenda na kujivunia nayo. Sikumwambia kuwa toleo lililotangulia, NH-D15 ya mwaka 2014, wateja walilisubiri miaka mitano mizima ndipo likatoka jeusi. Akauliza kama friji inayovuja jikoni nayo imo kwenye hiyo bajeti ya kupoza vitu. Swali la haki, ndiyo maana sikulijibu.

Msomaji asije akadhani najitafutia anasa. Mimi huhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati, na mteja wa harusi hulipa nusu, kisha huanza kupiga simu kabla ubwabwa haujashuka tumboni. Kompyuta yangu ina Ryzen 9 7950X ya AMD, prosesa ya viini 16 iliyotoka Septemba 2022 kwa dola 699. Fungua boksi lake: utakuta prosesa na vikaratasi. Feni hakuna. Umelipa zaidi ya milioni moja na nusu, wameshindwa kukutilia humo hata pangaboi dogo. Na hiyo prosesa imeandikwa wati 170, lakini ikishikwa na kazi inavuta mpaka 230. Wenzao wa Intel nao ni wale wale: Core i9-13900K imeandikwa wati 125, halafu pembeni unakuta 253. Mimi nikimwandikia bwana harusi laki 5 kisha nikamdai 10, kesho yake nahojiwa kituoni.

Basi feni inatakiwa. Na ukisema tu unatafuta feni, washauri wanajitokeza wenyewe.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, hataki kabisa kusikia habari za upepo. “Mjomba, watu wapo kwenye maji siku hizi. Weka ya maji.” Kwangu maji yanatoka kwa mgawo, tangi likikauka tunabeba madumu, halafu hayo ya kubahatisha niende kuyazungusha ndani ya kompyuta? Nikamwambia pampu ina siku yake ya kufa, na siku hiyo lazima iwe ya kazi ya haraka. Feni ya kipozaji cha upepo ikifa unanunua nyingine, chuma kinabaki pale pale.

Tena hata hivi vya upepo vina maji. Ile mirija ya shaba ni mitupu ndani, imezibwa pande zote, imetiwa maji kidogo sana na hewa ikaondolewa, ili yachemke hata kwa joto dogo. Chini yanapopata joto la prosesa yanageuka mvuke. Mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapozwa na feni, unarudi kuwa maji, na maji yanatambaa kurudi chini kupitia unga wa shaba ulioshikamanishwa kwenye kuta za mrija. Hakuna pampu, hakuna mgawo, hakuna bili. Mpwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

“Sawa mjomba. Lakini ya maji ina taa.”

Nikaenda kwa fundi wangu Kariakoo. Fundi huyu hana futi. Ukimtajia kifaa chochote jibu lake ni moja: “Itaingia tu, mkuu.” NH-D15 G2 ina kimo cha milimita 168. Kasha langu linapokea milimita 165. Nikamwonyesha, akakuna kichwa, akapendekeza mfuniko ubaki wazi, eti ndiyo vizuri, itapata hewa. Mimi nakaa Tandika. Kompyuta ikiachwa wazi Tandika inapata vumbi, mende, na mjusi aliyehamia na familia yake.

Kimo chenyewe si neno la mwisho. Feni ya mbele ya kipozaji inakalia vijiti vya RAM. Kwenye NH-D15 ile ya kwanza, kijiti kikizidi milimita 32 inabidi feni ipandishwe, na RAM za siku hizi zimevikwa mataji ya taa, nyingi zinapita milimita 40. Ukipandisha feni kimo chote kinapanda, mfuniko haufungi, unarudi kwa fundi na hewa yake. Yaani taa zile zile anazozililia mpwa wangu ndizo zinazozuia feni kukaa.

Uzito nao. Kilo moja na nusu, imening’inia ubavuni mwa mazabodi kwa skrubu chache. Wanashauri ukisafirisha kompyuta ukivue kipozaji kwanza. Sawa, kawaambieni na wapakiaji wa mabasi ya mikoani, ambao mzigo ukiandikwa “shika taratibu” ndio wanaoutandikia gunia la mchele juu.

Tuseme hela umepata, kasha umebadilisha, RAM umezivua mataji. Wanakuuliza sasa: unataka kitako gani? Wallahi sitanii. Kifaa ni kile kile, matoleo matatu, tofauti ni jinsi kitako kinachogusana na prosesa kilivyotuna. Lipo la kawaida. Lipo LBC, lenye kitako karibu bapa, kwa prosesa za AMD kama yangu. Na lipo HBC, lililotuna zaidi, kwa prosesa za Intel za soketi ya LGA1700, ambazo klipu ya mazabodi huzibana mpaka zinabonyea katikati. Kampuni moja inabonyeza prosesa, nyingine inachonga kitako cha kujaza bonde, na mimi wa Tandika ndiye ninayetakiwa kujua bonde lina kina gani. Watu wote hawa wana simu. Kwa nini hawapigiani?

Kwa haki yao, Noctua wanatoa dhamana ya miaka 6, na soketi mpya zikitoka huwa wanawatumia wateja wa zamani vishikizo vipya bila malipo. Nimezoea maduka ambayo juu ya kaunta yameandika mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji anakuonyesha maandishi hayo wakati bado unahesabu hela. Kwa hiyo miaka 6 ilinigusa moyo. Haikugusa bei.

Kinachouzwa hasa kwa laki nne ni ukimya. Hawa watengenezaji wana homa ya ukimya. Washindani wao wa Ujerumani wamejiita kabisa be quiet!, na alama ya mshangao wameweka, jina ambalo mwalimu wangu wa darasa la tatu angelipenda sana. NH-D15 ya zamani, ikikimbia kwa nguvu zake zote, kiwanda kinasema inatoa desibeli 24.6. Hata zile sehemu sita za kumi za desibeli wameona tusizikose.

Desibeli 24.6 Tandika utazisikia wapi? Kulia kwangu kuna fundi wa kuchomelea mageti, grenda inaanza saa moja asubuhi. Kushoto kuna saluni ambayo spika yake ni kubwa kuliko saluni. Usiku ni zamu ya kijana wa bodaboda aliyetoboa ekzosi kwa makusudi na akalipa fundi kwa kazi hiyo. Jumamosi mtaa wa pili wanakesha na kigodoro. Feni yangu ya sasa inalia kiasi kwamba wageni huuliza kama tumefungua mashine ya kusaga, na hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kuja kulalamika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia. Ukimya wa laki nne ungenifaa kuanzia saa tisa usiku, bodaboda ya mwisho ikishalala, mpaka jogoo wa Mama Shabani anapoanza. Saa moja na nusu hivi. Na saa hizo nataka nilale.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kisichomezeka ni nyuzijoto.

Kipozaji cha upepo, kiwe cha laki nne au cha kuokota, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumba. Kinachofanya ni kupunguza ziada. Kikiiacha prosesa nyuzi 50 juu ya chumba, basi chumba cha nyuzi 21 kitasoma 71, na chumba changu cha Februari saa nane mchana, nyuzi 32, kitasoma 82. Kifaa kimoja, bei moja, ila mmoja amezaliwa Vienna na mwingine yupo chini ya bati. Sasa wapimaji wa vifaa hivi wamejifungia kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu, viyoyozi vinanguruma, wanatoa chati za rangi na kurushiana maneno kwa tofauti ya nyuzi mbili. Nyuzi mbili! Mimi nikifungua dirisha nimepoteza zaidi ya hizo. Nikilifunga, nimepoteza zaidi tena.

Na hizo nyuzi wanazogombania si nyingi kweli. Thermalright ya Taiwan inauza Peerless Assassin 120 SE kwa dola 35 hivi: minara miwili ya mapezi, mirija sita ya shaba, feni mbili. Inazidiwa na vile vya bei mbaya kwa nyuzi chache. Jina lake ni la muuaji, sijui kwa nini, ila bei haiui.

AMD nao wana lao la kukatisha tamaa. Tangu mwaka 2022 walisema wazi kuwa prosesa hizi zimeundwa ziweze kupanda mpaka nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, na kukaa hapo bila kudhurika. Ukiifungia kipozaji kikubwa, prosesa haisemi asante ikatulia. Inaitumia nafasi hiyo kuongeza kasi, kisha inarudi kule kule kwenye 95. Nililieleza jambo hili nyumbani, nikidhani nalipamba.

“Kwa hiyo unatoa laki nne, joto linabaki vilevile?”

“Kasi inaongezeka.”

“Kiasi gani?”

“Kidogo.”

Mazungumzo yakaishia hapo, na chakula cha usiku kikaja kimepoa.

Tena hizo wati 230 haziendi mbinguni. Kipozaji hakiui joto, kinalihamisha: linatoka kwenye prosesa linaingia chumbani, na chumbani nimo mimi na bukta. Kadiri kinavyofanya kazi vizuri ndivyo linavyonifikia mapema. Madirisha nimeyafunga ili nione rangi za video sawasawa, hewa ya moto inazunguka, feni inaivuta ile ile iliyoitema, na mwisho wa siku mimi na prosesa tunapashana joto.

Dawa ya maana nimeikuta kwenye menyu ya mazabodi, na haina bei: Eco Mode. Unaiamuru prosesa ya wati 170 ijihesabu ni ya 105, na ule mvuto wa 230 unashuka hadi 142. Kasi inayopotea ni ndogo ukilinganisha na wati ulizookoa. Video ya harusi ya saa tatu itachelewa kidogo, na hakuna bibi harusi atakayejua. Umeme unapungua, feni inanyamaza, bukta inakauka. Sijaona mtu akiitangaza kwa nguvu, nadhani kwa sababu haina boksi.

Hukumu yangu basi. Noctua ni chuma kizuri, kimenyooka, na mwenye kiyoyozi, kasha pana na majirani wastaarabu akinunue kwa raha zake. Mimi nachukua ile ya dola 35. Kimo chake ni milimita 155, inaingia kwenye kasha langu na mfuniko unafunga, na fundi nitamsimamia kwenye pesti, maana anapaka nyingi mno. Eco Mode itakuwa imewashwa.

Na ninyi wapimaji wa nyuzi 21, nina ombi. Njooni Tandika Februari na vipozaji vyenu vyote. Chumba ninacho, meza ninayo, bati lipo tayari juu. Pimeni saa nane mchana, mchapishe chati hiyo, nami nitaamini kila mtakachoandika. Umeme ukikatika katikati ya kipimo msinilaumu. Mje na jenereta lenu.