Majaji wa Kibandani

Majirani, sheria mie siijui. Lakini hapa Timbwani nani aijua? Na kila mtu ni wakili. Tia mahamri, tia mbaazi, chai ya rangi ikifika kesi yaanza.

Kesi yenyewe ni hii bima ya afya. Oktoba 2023 Rais Ruto akatia saini sheria mpya za afya. NHIF, tuliyokuwa nayo tangu 1966, izikwe. Ije SHA mahali pake. Mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75. Jirani yangu wa bandarini akatoa simu, akapiga hesabu papo hapo: mshahara wa 80,000 wakatwa 2,200. NHIF haikuwahi kumpita mtu 1,700. Hamu ya mbaazi ikamtoka. Nikamwambia, vumilia ndugu yangu, sisi mahasla twaumia pamoja. Akanitazama viatu. Hakunijibu.

Novemba, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasimamisha tatu kati ya sheria hizo. Lo! Nilimsifu mpaka koo likakauka. Jaji wa wanyonge yule! Na mke wangu alikuwa kanipa pesa za bima nimwekee. Sasa mahakama ishazuia, pesa zikae zafanya nini? Nikalipa deni la kibandani. Mwenye kibanda akazihesabu, akasema hizo ni za mwaka juzi.

Januari 2024 Ruto akawaka. Kuna majaji wala rushwa, asema, wanakwamisha mipango ya serikali. Mawakili wakaingia barabarani kuandamana. Tarehe 19 mwezi huohuo, Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, ikabakisha vifungu vichache tu. Kibanda chote: wametishwa! Wamenunuliwa! Aliyepiga kelele kushinda wote ni mie. Pesa za mke nishazila, mlitaka niseme nini?

Julai 12, majaji watatu wa Mahakama Kuu, Mabeya, Limo na Mugambi, wakasema sheria zote tatu zimevunja katiba, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Bunge likapewa siku 120 kurekebisha. Haya, nikarudi kushangilia. Haki ipo Kenya! Septemba, Rufaa tena, hukumu ikasitishwa kwa muda. Oktoba mosi SHA ikaanza kazi. Nikaanza upya: hao wamenunuliwa!

Kumbe mke wangu kasimama nyuma yangu, angoja unga apimiwe. "Baba Asha," asema, mbele za watu wote, "jaji akikuachia pesa ni mwadilifu. Akitaka uzitoe, kanunuliwa. Zangu ziko wapi?" Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Hata yule wa bandarini, aliyenuna tangu Oktoba ile, acheka.

Kijana mmoja wa chuo akaona hajatosheka. Mzee, asema, Marekani 2012 sheria ya afya ya Obama ilipona Mahakama ya Juu kwa kura tano kwa nne. Kura iliyoiponyesha ni ya Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na Bush, wa chama kilichoipinga sheria hiyohiyo. Je, huyo kanunuliwa na nani? Nikajitia nanywa chai. Kikombe kitupu. Nikanywa vivyo hivyo.

Sasa niwaambieni. Siasa mahakamani sisemi haiingii. Lakini sisi hukumu hatujasoma hata ukurasa, na chama cha jaji tushakijua. Ile ya Julai hata hamali wa feri kama mie yamwingia: kabla hujamkata mtu pesa zake, muulize. Hilo halitaki kadi ya chama. Na hao wa Rufaa nao walitoa sababu, kwa maandishi. Someni sababu kwanza, matusi hayaozi.

Na asiye na mshahara, kima cha chini cha SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, ila yatakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja: 3,600. Mwenye nazo anikopeshe. Lakini asinitafute nyumbani.