Mwongozo kwa Kidudu cha Upele Anayehamia Kanyaruchinya

Mwongozo huu umeandikwa kwa kidudu mmoja: jike, urefu wake hata nusu ya milimita haufiki, ana miguu minane, hana macho wala mabawa, na kazi aliyoumbiwa ni kuchimba ngozi ya binadamu na kutaga humo. Anaandikiwa yeye, ila nataka mama mwenye watoto ndiye ausome, kwa sababu kila ushauri unaomfaa kidudu, ukiupindua, unakuwa tiba.

Basi, bibi kidudu, anza kwa kuchagua mahali. Kanyaruchinya iko kaskazini ya mji wa Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru, miguuni pa mlima Nyiragongo. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano. Choo hakichimbiki kwa urahisi, na maji hayapatikani kwa urahisi. Mwaka 2012 palijaa wakimbizi wa vita vya waasi wa M23, wakatimka tena mwezi wa Novemba mwaka huohuo siku chache kabla Goma haijaanguka. Kuanzia mwisho wa 2022 palijaa upya, watu wakitoka Kibumba, Rumangabo na Rutshuru na magodoro vichwani. Walijenga vibanda vya miti na mabashi, yaani maturubai, juu ya mawe yale. Usiku wa huko una baridi kali, na blanketi moja lilifunika watoto watatu au wanne waliobanana. Huo mbanano ndio unaoutafuta. Wewe huruki, huna hata uwezo wa kuchupa. Unatambaa, na unahitaji ngozi iguse ngozi kwa robo saa hivi ndipo uvuke. Salamu ya mkono haikutoshi. Usingizi wa watoto chini ya blanketi moja unakutosha kabisa.

Wala usiogope sabuni. Watu watasema upele ni wa wachafu, na maneno hayo yatakusaidia sana, kwa kuwa mama mwenye aibu hamwonyeshi mtu mtoto wake. Ukweli ni kwamba unakaa chini ya ngozi, maji ya kuoga hayakufikii, na mwili msafi unakufaa sawasawa na mwili uliokosa maji wiki nzima. Mwanasayansi Kenneth Mellanby, mjini Sheffield, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwalaza vijana waliojitolea katika mablanketi ya askari wenye upele. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Kilichoambukiza ni mwili kwa mwili. Kwa hiyo yeyote anayemnyooshea kidole mama wa kambini kwamba haogeshi watoto anamwonea, na namwambia hivyo bila kupepesa macho: kosa si la mama, ni la nafasi aliyonyimwa.

Ukishavuka, ingia upesi. Nusu saa inakutosha kutoboa tabaka la juu la ngozi. Tafuta katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kwapa, kiuno, matako, chuchu za akina mama, sehemu za siri za wanaume. Kwa mtoto mchanga nenda hata kwenye viganja, nyayo na kichwa. Humo utachimba handaki lako na kutaga mayai mawili au matatu kila siku, mwezi mmoja hadi miwili, mpaka ufe. Handaki lenyewe ni alama nyembamba ya kijivu, imepindapinda, urefu wa punje ya mchele au chini ya hapo. Muuguzi mwenye jicho zuri hupaka wino juu yake, kisha hufuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu unatoka, ule uliozama ndani ya handaki unabaki, na mstari wako unaonekana kwenye ngozi ya mtoto umechorwa dhahiri. Mtu akikufanyia hivyo ujue umekutana na anayeijua kazi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye maisha yako yote: nyamaza mwezi mzima.

Mwenyeji mpya, ambaye hajawahi kuwa na upele, hatahisi kitu kwa wiki nne hadi sita. Unachimba, unataga, unakula, naye analala. Unachokiacha ndani ni mate, maganda ya mayai na kinyesi, na hivyo vyote ni protini ngeni. Kwenye ngozi kuna chembe zinazoitwa za Langerhans, zenye mikono mirefu, zinazookota vitu vigeni na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba na kuitwa mitoki. Huko tezini chembe T hufundishwa kukutambua. Mafunzo hayo huchukua siku nyingi, tena wewe mwenyewe huyachelewesha, maana mate yako yana vitu vinavyopooza kinga za mwanzo. Katika wiki hizo zote mwenyeji wako anakupeleka kwa mdogo wake, kwa bibi yake, kwa jirani anayemlisha mtoto, na hakuna anayejikuna.

Kisha siku inafika. Chembe T zilizofunzwa zinarudi ngozini kwa wingi, zinamwaga kemikali zinazoita chembe nyingine; mishipa midogo ya damu inapanuka, ngozi inavimba na kuwa nyekundu au kuwa na vipele vyeusi kwa mtu mweusi. Kemikali moja, intalukini 31, huigusa mishipa ya fahamu moja kwa moja na kuamsha mwasho. Kingamwili za aina ya IgE nazo huongezeka. Usiku mwasho huzidi, na mtoto hulia akijikuna hadi damu, na kesho yake anasinzia mchana kutwa. Ajabu yake ni kwamba vidudu mwilini mwake huwa 10 au 15 tu. Vipele ni mamia, vimeenea hata mahali ambapo hakuna kidudu hata mmoja. Kinachomwasha mtoto ni kinga yake mwenyewe, inayochoma nyumba ili kumtoa panya.

Jambo hilo linaeleza mengine. Aliyewahi kuugua upele akiupata tena huanza kujikuna ndani ya siku moja hadi nne, kwa kuwa chembe zake zina kumbukumbu. Kwa hiyo, bibi, mpende mgeni, mwogope mwenyeji wa zamani. Na kwa mzee sana, au mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi, kinga huelekea njia isiyofaa: IgE zinajaa, lakini vidudu havizuiliki. Hapo unazaa kwa maelfu, wakati mwingine kwa mamilioni, ngozi inafanya magamba mazito, na mgonjwa anaweza asiwashwe sana. Mtu mmoja wa namna hiyo anatosha kuwaambukiza wote wanaomhudumia. Watu hukimbia kumgusa, nami nasema ndiye anayestahili kutibiwa wa kwanza.

Vidonda navyo vitakuletea wageni. Kucha zikichana ngozi, bakteria wa strepto na stafilo wanaingia. Wewe unawafanyia hisani kubwa: protini zako huzuia protini za damu ambazo kazi yake ni kuwatoboa bakteria, nao wananawiri karibu yako. Kutoka hapo usaha, kutoka usaha homa, na kwa baadhi ya watoto strepto huacha madhara kwenye figo: uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa rangi ya chai. Anayesema upele ni ugonjwa mdogo hajamwona mtoto wa hivyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mimi naona ulichelewa kuingia.

Tuje kwenye marafiki zako. Rafiki wa kwanza ni dawa ya mtu mmoja. Mama anafika kituo cha afya na mtoto mgongoni.

“Munganga, ni huyu tu ndiye anajikuna.”

Akipewa chupa moja na kurudi kibandani, umeshinda. Watoto wengine wawili wamekubeba kimya, wako katika wiki yao ya pili, na mwezi hautaisha kabla hawajakurudisha kwa ndugu yao. Ndiyo maana muuguzi mwema hujibu kwa swali: “Mama, kwenu mnalala wangapi?” Swali hilo ni bora kuliko chupa.

Rafiki wa pili ni krimu zenye steroidi kali zinazouzwa sokoni pamoja na zile za kujichubua. Mtu akijipaka, mwasho unatulia, wekundu unafifia, anasema amepona. Kinga ndiyo imenyamazishwa. Wewe unaendelea kutaga. Wa tatu ni hofu, iliyokuja mwaka 2024, wakati ugonjwa wa mpox ulipoingia katika kambi za Nyiragongo, Kanyaruchinya ikiwemo, na wagonjwa wakapelekwa kwenye kituo cha Munigi. Vipele vyote vikaanza kutisha. Mpox ina homa, mitoki iliyovimba na malengelenge yenye shimo katikati. Upele una mwasho wa usiku na mahandaki kwenye vidole. Lakini mama anayeogopa kutengwa humficha mtoto mwenye kimojawapo, na anayefichwa hatibiwi.

Unachopaswa kuogopa ni siku moja. Siku ambayo kibanda kizima, wanaojikuna na wasiojikuna, wanapakwa dawa jioni ileile: permethrini ya asilimia 5 kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, ikikaa usiku kucha, na kwa watoto wachanga kichwani pia. Au benzoati ya benzili, inayochoma kwenye ngozi iliyochanika lakini inafanya kazi. Au vidonge vya ivermektini, ambavyo Wakongo wengi wanavijua kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni. Havipewi mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15. Nguo na mablanketi yakikosa maji ya moto hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi, maana nje ya mwili huwezi kuishi muda mrefu kuliko huo. Kisha, baada ya siku 7 hadi 14, dozi ya pili kwa wote, kwa sababu mayai yako huhimili dozi ya kwanza na kuanguliwa.

Kule Fiji jambo hili lilipimwa. Jamii moja ya visiwani ilitibiwa wagonjwa na waliowagusa tu, na upele ulipungua kwa nusu. Jamii nyingine ilipewa ivermektini watu wote, wagonjwa na wazima, na baada ya mwaka mmoja wenye upele walishuka kutoka 32 hadi 2 katika kila watu 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Sioni sababu ya kambi yoyote ya Kivu kutibiwa chupa kwa chupa baada ya hapo.

Limebaki tumaini lako la mwisho: mwasho unaobaki. Hata ukifa, maiti yako na kinyesi chako vimo ngozini, na chembe T hazijui kwamba umekufa. Mtoto ataendelea kujikuna wiki mbili hadi nne. Mama akidhani dawa imeshindwa, ataiacha kabla ya dozi ya pili, au ataipaka kila siku hadi ngozi iungue. Akiambiwa mapema, atavumilia.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa, na katika majuma yaliyofuata wakimbizi waliambiwa waondoke. Mabashi yakang'olewa, Kanyaruchinya ikabaki mawe. Waliokuwa na upele waliondoka nao. Waliokuwa wamepata dozi ya kwanza walitawanyika kabla ya tarehe ya pili, hadi Kibumba, hadi Rutshuru, wengine kwa ndugu mjini, na karatasi zao za kituo mifukoni au zimepotea. Mama uliyemo kati yao, ukifika kituo kipya usianze na mtoto anayejikuna. Anza na hesabu ya mnaolala pamoja, taja kila mmoja, na uombe tarehe mbili.