Hamali wa Orofa ya Juu: Barua ya Wazi kwa Benki Moja ya London

Kwa Jenabu Mtukufu, Mkuu wa Idara ya Watumishi, katika benki ya uwekezaji ambayo jina lake nalisitiri kwa adabu, Canary Wharf, London.

Nakuarifu kwamba mimi ni mmoja wa wanagenzi mliowakaribisha kiangazi kilichopita waje kujifunza kwenu namna makampuni yanavyouzwa, yanavyonunuliwa na yanavyounganishwa, na kwamba nauandika waraka huu kwa Kiswahili, lugha ya kwetu Unguja, kwa sababu katika karamu ya kutupokea msemaji wenu mmoja, bilauri mkononi, alitusihi tusiache nje ya mlango chochote cha asili zetu. Nimeitii nasaha ile. Ikiwa hapo idarani hapana wa kuusoma, sina shaka yupo mwanagenzi mwingine atakayekesha akiutafsiri.

Nataka kwanza kushukuru, maana kwetu si adabu kula cha mtu kisha ukaondoka ukisonya. Mshahara mlinilipa, tena mzuri, kwa kiwango cha mwaka cha mchambuzi mpya kilichogawanywa kwa wiki nilizokaa. Chakula cha usiku mliniagizia kila saa mbili ya usiku iliponikuta kitini. Na teksi mliniwekea kila nilipochelewa zaidi ya hapo. Ihsani hizi mbili za mwisho nilizistaajabia mpaka nilipofahamu kwamba mtu anayeondoka saa kumi na moja jioni, jua la kiangazi cha Uingereza likiwa lingali juu, hujinunulia chakula chake na kubanana katika treni, hali anayebaki hulishwa na kupelekwa hadi mlangoni kwake. Na katika muda wangu wote kwenu sikupata kumwona aliyeondoka saa kumi na moja.

Siku ya kwanza tulitia saini karatasi nyingi, na mojawapo ilikuwa na hekima ya pekee. Sheria ya Uingereza, kwa kanuni za saa za kazi za mwaka 1998, inakataza mtu kufanyizwa kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki kwa wastani, ila mwenyewe akiridhia kwa maandishi. Nami niliridhia kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi. Tangu saa ile hapana aliyeniuliza tena habari ya saa zangu. Niliona ajabu, kwa kuwa nyumba yenu haina kazi nyingine ila kutia thamani vitu: mtu akiwaletea kiwanda, meli, timu ya mpira au jina tupu lililobandikwa juu ya chupa ya maji, nyinyi humwambia thamani yake mpaka desimali ya pili, na humwambia pia itakuwa kiasi gani miaka mitano ijayo. Kitu kimoja tu nilichokiona kinaingia na kutoka kwenu bila ya kutiwa katika daftari lolote, nacho ni usiku wa mwanagenzi.

Niruhusu nieleze, kwa kuwa yamkini wewe, Jenabu, huwa umekwisha kulala, jinsi usiku huo unavyofanyizwa. Asubuhi nilifika saa tatu, nimenyoa na kupiga pasi, nikakaa. Na kazi haipo. Wakubwa wa daraja ya juu wameshinda kwa wateja au angani kati ya Frankfurt na London, na mdogo hana ruhusa ya kuanza lisilokubaliwa na mkubwa. Adhuhuri hupita na alasiri hupita, nami nimeukodolea macho ukurasa wa Excel ambao sina la kuufanya, nikisogeza kipanya mara kwa mara ili kioo kisizimike na mtu akadhani nami nimezimika. Magharibi ikiingia, mkubwa hurejea, hukitazama kitabu cha kumshawishi mteja, hukitia wino mwekundu na kumpa wa chini yake, naye hutia wino wake na kumpa wa chini yake. Na kitabu hushuka ngazi hivyo, kikizidi wekundu kila daraja, hata kitue mezani pangu saa nne za usiku pamoja na ombi la upole kabisa kwamba kitahitajika asubuhi. Kazi yenyewe, nasema kwa insafu, ingalitosha kufanywa baina ya chai na chakula cha mchana.

Usiku mmoja katika Mradi wa Mwewe (maana kila muamala wenu huitwa kwa jina la ndege mkali au la mungu wa Kiyunani, hata ukiwa ni wa kuuza kiwanda cha vifungashio vya biskuti) nilipewa ukurasa wa nembo za makampuni yanayoshindana na mteja, zikiwa zimepangwa kwa alfabeti. Asosieti, mmoja wa wakubwa wangu, aliagiza zipangwe kwa ukubwa wa makampuni, nikazipanga. Aliyemfuata aliona buluu ya nembo moja si buluu yenyewe, nikaitafuta yenyewe katika taarifa ya mwaka ya kampuni ile, nikaipata, na printa ikaitoa zambarau. Saa nane ukawadia uamuzi wa makamu wa rais wa benki, mmoja wa wengi, kwa kuwa sisi Zanzibar tunao makamu wawili na twaona wanatosha, hali kwenu hujaza orofa. Akaagiza nembo zirudishwe katika alfabeti, na ukurasa wote uhamishiwe nyuma katika viambatisho, mahali ambapo, kwa nilivyoambiwa na waliokaa kwenu kuliko mimi, mteja hajapata kuonekana.

Na jirani yangu wa mezani, kijana hodari aliyewahi kukaa kwenu kiangazi cha kabla yake, alinifunza elimu ambayo chuo hakikunipa: kuwa na koti la pili. Koti hilo haliendi nyumbani kamwe. Hukaa mgongoni mwa kiti, na kikombe chenye kahawa nusu hukaa mbele yake, ili apitaye usiku aseme mwenyewe hayuko mbali. Kwa siku kadhaa nilimsalimu koti.

Sasa, kwa kuwa mlinifunza elimu ya kutia thamani, nimeona si vibaya niitumie kwa jambo langu. Mlitufundisha kwamba fedha ya kesho si sawa na fedha ya leo, na kwamba kila mwaka wa kungoja lazima ukatwe kitu. Tulipolalamika, kwa sauti ya chini, wakubwa walitufariji kwamba baada ya miaka 10 tutakuwa kama wao, tutalala. Basi nimechukua saa 8 za usingizi mlizoniahidi, nikazirudisha nyuma miaka 10 kwa kiwango cha 10 katika mia, ambacho ndicho mlichonizoesha, na thamani yake ya leo imetoka saa 3 na dakika 5. Hizo, takriban, ndizo nilizokuwa nikizilala. Nakiri kwamba hesabu zenu zimesawazika.

Mzaha huu nauweka kando kidogo. Mwezi wa Agosti 2013 mwanagenzi wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 21, aliyekuwa karibu kumaliza mazoezi yake katika benki moja ya jiji hilohilo, alikutwa amefariki katika makazi yake. Na mahakama ya uchunguzi wa vifo ikaona kwamba alifikwa na kifafa, na kwamba uchovu huenda ulikichochea, ingawa haikuwezekana kuthibitisha. Mabenki yaliingiwa na huzuni, na huzuni ikazaa kanuni. Mwaka 2015 Goldman Sachs waliamrisha wanagenzi wao wasionekane ofisini baina ya saa sita za usiku na saa moja ya asubuhi. Na gazeti baada ya gazeti likaitangaza rehema hiyo, ambayo kwa hesabu ya mtoto wa chuoni ilibakisha saa 17 halali kwa siku. Mwaka 2024 JPMorgan nao wakawawekea wachambuzi wao wachanga mpaka wa saa 80 kwa wiki kwa kazi nyingi. Kanuni zote hizi zapima mtu abaki mpaka saa ngapi. Sijaona hata moja inayomuuliza mwenye wino mwekundu kwa nini hakukitazama kitabu mchana.

Jumamosi moja niliyosamehewa nilitembea hatua chache kutoka jengo lenu hadi ghala la zamani la sukari, ambalo sasa ni makumbusho. Usisahau, Jenabu, kwamba mlipojenga palikuwa ni gati, West India Docks, zilizofunguliwa mwaka 1802 kupokea sukari na ramu za visiwa vya Karibi, mazao ya jasho la watumwa, na kufungwa mwaka 1980. Hapo mahamali wa London walikuwa wakikusanyika malangoni kila asubuhi, mnyapara akichagua huyu na kumwacha yule, na aliyechaguliwa huenda alipewa kazi ya saa moja au mbili kisha akaambiwa nenda zako. Siku nzima ya mtu ikawa imeliwa na kungoja, na kungoja hakuna ujira. Agosti 1889, katika gati zizo hizo, waligoma, wakidai peni 6 kwa saa, na kwamba aitwaye kazini asiitwe kwa chini ya saa 4. Baada ya mwezi na siku chache walipata. Marehemu babu yangu, aliyekuwa hamali bandarini Unguja na aliyekuwamo katika mgomo wa mahamali wa huko wa mwaka 1948, angalielewa habari hii bila ya kufasiriwa. Lisilomwelea lingalikuwa ni mjukuu wake, aliyesomeshwa mpaka ng'ambo, kurudi mahali palepale pa kungoja mnyapara, safari hii kwa tai shingoni.

Kwa hiyo naambatisha hati ya madai. Saa za kazi sizidai, hizo mmezilipa na mkazidisha. Nadai saa za kungoja, tangu saa tatu ya asubuhi hadi magharibi, kwa kiwango cha hamali wa 1889, yaani peni 6 za zamani, ambazo kwa fedha ya sasa ni peni mbili na nusu kwa saa. Jumla yake haifiki bei ya chakula kimoja cha usiku mlichoninunulia. Ama ile barua yenu ya kuniita kwa ajira ya kudumu, imenifikia, na jibu langu litafuata jibu lenu. Riba msinitilie, kwa kuwa dini yangu inanikataza kuipokea. Na hati ya malipo mkitaka kumwandikisha mwanagenzi, tafadhali mpeni asubuhi.

Wasalaam,

Mwanagenzi wenu wa kiangazi kilichopita