Kiwiko Kinauma, Yeye Ananishika Shingo

Mwenye ugonjwa mkubwa asinicheke. Mimi nina kiwiko tu, tena kimoja. Lakini ni cha kulia, na mtu wa hapa Kolwezi amege bukari kwa mkono gani? Amsalimie baba mkwe kwa mkono gani? Wiki ya pili ya maumivu nilimpa mzee wa kanisa mkono wa kushoto, na hadi leo mahubiri yake yana mafumbo yanayonitazama.

Chanzo ni kamba. Umeme wa mtaani kwetu ukisikia mpira unataka kuanza, unaaga. Hapo natoka nje kupigana na grupu, jenereta yangu ndogo ya kuvuta kamba. Mvuto wa kwanza ni wa heshima. Wa tano unasindikizwa na maneno ambayo sitayaandika. Wa ishirini ni kwa sababu watoto wa jirani wamekaa ukutani wananihesabia. Na sisi tunaokaa upande wa Kingamyambo tuna nyongeza yetu: kiangazi upepo unaokota unga wa ule mlima wa tope kavu, masalia ya shaba yaliyotemwa na viwanda miaka nenda miaka rudi, na kuumwaga kwenye kichujio cha mashine yangu. Wanaojua kuhesabu wanasema pale na kwenye bonde la Musonoi zimelala tani zaidi ya milioni 100 za masalia, shaba na kobalti zikiwa bado ndani. Wakubwa wanayaosha upya kwa maji na kuuza. Mimi nayavuta kwa kamba, bila mshahara.

Kiwiko kilipogoma hata kufungua kifuniko cha bidoni, washauri walijaa lupangoni. Mama mkwe alitaka nichanjwe. Muuzaji wa farmasi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano kabla sijamaliza kumwamkia. Baba mdogo, mtu wa kampuni ya migodi ya Gécamines tangu ujana wake, alinisimulia saa nzima enzi za hospitali ya kampuni, mfanyakazi anatibiwa, mkewe anatibiwa, watoto wanatibiwa, hakuna anayetoa makuta. Akaishia, kama kawaida yake, kwenye mwaka 2003, pale wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoaga kazi kwa mpigo. Kiwiko changu hakikupata nafasi katika mazungumzo hayo.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. "Baba, nenda kwa kine. Sitaki kukufungia vifungo vya shati mpaka Krismasi."

Kine mwenyewe, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mikono na mazoezi, ni kijana mwenye mikono laini, mikono isiyojua grupu. Aliniambia ninyooshe mkono, kiganja kitazame chini, niinue kidole cha kati huku yeye anakikandamiza. Kidole kiko kule, lakini ukelele wangu ulitoka kiwikoni. Akatabasamu. Hawa watu hufurahi ukipiga kelele mahali panapotakiwa.

"Papa, hiki ni kiwiko cha tenisi."

Tenisi! Raketi nimeiona kwenye televisheni, zile siku ambazo grupu imekubali.

Nikarudi nyumbani nikasoma, maana siwezi kuugua mchezo ambao sijaucheza. Kumbe aliyeuandika ugonjwa huu mwanzo, daktari Mjerumani aitwaye Runge, mwaka 1873, alikuwa akieleza taabu za watu wanaoandika. Tenisi iliingia mwaka 1882, Mwingereza Henry Morris alipoandika katika The Lancet juu ya mkono wa wacheza tenisi ya majanini. Mwandishi akaugua kwanza, mwenye raketi akachukua jina. Nimezoea.

Siku ya matibabu nikamnyooshea kiwiko. Hakukigusa. Akazunguka nyuma yangu, akanishika shingo.

"Dokta, kiwiko kiko huku chini."

"Nakiona, Papa. Legeza shingo."

Shingo yangu ina historia. Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hunipindua kichwa ghafla, ka! kulia, ka! kushoto, kama mtu anayefungua bia kwa meno, na mimi namwongezea pesa. Kine aliposikia hivyo alikunja uso. Akasema yeye havunji kitu, na kinyozi nimkataze kuanzia leo, kwa maana kuna mishipa ya damu inayopita shingoni kwenda ubongoni, na ukichanika mmoja, jambo la nadra lakini lipo, mtu anaweza kupooza. Kisha akaanza kazi. Aliweka vidole ubavuni mwa shingo, akazisukuma pingili kidogo kuelekea upande wa pili, akaachia, akasukuma, akaachia, polepole kama mama anayechekecha unga. Hakuna ka! hata moja. Nikaona nimeibiwa.

Akahamia kwenye kifundo cha mkono. Akatafuta kijifupa kimoja chini ya kidole gumba, akawa anakisukuma huku anakikunja kifundo, tena na tena. Kiwiko, pale katikati, kilikaa kama mfiwa ambaye wageni wote wanampita wakielekea kwenye sufuria.

Nikamwambia wazi kwamba mimi nimelipia kiwiko. Ndipo akanifundisha. Msuli unaoinua kifundo cha mkono umejishika juu kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, na chini kwenye shina la kidole cha kati. Ukikaza ngumi kuvuta kamba, panapolipa ni pale juu, kiwikoni. Na neva inayoutuma msuli huo inaanzia shingoni. Akanitajia Vicenzino wa Australia, ambaye yeye na wenzake walisukuma shingo za watu 15 wenye viwiko kama changu, wakachapisha mwaka 1996 kwamba maumivu yalipungua papo hapo. Akanitajia Waholanzi wa mwaka 2003, wagonjwa 28, na waliosukumwa kifundo cha mkono walianza kupata nafuu mapema kuliko wenzao waliosuguliwa kiwiko chenyewe.

"Watu 28, dokta? Msiba mmoja wa Musonoi una watu kuliko hao."

Akakubali ni wachache. Hapo nikaanza kumwamini kidogo. Mwongo angesema elfu tano.

Shemeji yangu, mchimbaji, hakuhitaji somo lote hilo. "Ni Kasulo hiyo," alisema. Tangu kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014, watu wamechimba sebuleni kwao, wakashuka, wakapinda, wakatokea chini ya jiko la jirani. "Mlango uko hapa, mawe yako kule. Kine wako ni mchimbaji mwenzangu, ila yeye ana koti jeupe." Mama mkwe, aliyesikia nusu tu, akauliza kama wamekuta kobalti shingoni mwangu.

Yule wa farmasi bado ananifuata. Lakini nimesoma kwamba sindano ya kotizoni ni kama mkopo. Mwaka 2006 Waaustralia walitoa matokeo ya watu 198: waliochomwa walikuwa mbele kwa nafuu wiki ya sita, kisha wengi wakarudi walikotoka, na mwaka ulipoisha wakawa nyuma ya waliotibiwa kwa mikono na mazoezi. Utafiti huohuo unasema walioambiwa wasubiri tu, mwaka ulipoisha, walikuwa wamewafikia watu wa kine. Ukurasa huo sijamwonyesha mke wangu. Yeye ndiye anayetoa pesa.

Kinachonikera zaidi ni safari ya kurudi. Kine ananyoosha pingili zangu nusu saa; motari wa pikipiki anazipanga anavyotaka kwa dakika kumi, kati ya mashimo na malori ya asidi, huku akigeuka nyuma kuniuliza kwa nini nimekaa wima kama mshumaa. Kila mmoja wao analipwa kwa kazi yake juu ya shingo ileile.

Tena kuna kazi ya nyumbani. Chupa ya Simba iliyojazwa mchanga (iwe tupu kwanza, Papa, alikazia), mkono juu ya meza, kifundo nje ya ukingo, naishusha taratibu, mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Watoto wa jirani wanahesabu na hiyo.

Nimekwenda mara tano. Kifuniko cha bidoni nafungua, bukari namega, baba mkwe nimemsalimia inavyopasa. Jumamosi umeme ukaaga dakika ya tatu ya mchezo. Nilivuta kamba mara kumi na nne, na Jumapili asubuhi mke wangu alinifungia vifungo.

Basi msomaji, kama unayo grupu ya kuwashia kwa ufunguo na unaiuza kwa bei ya undugu, niko upande wa Kingamyambo. Uliza mtu wa chupa yenye mchanga, watakuonyesha. Lakini uje mchana.